Mbweha awindwe mwaka mzima, au miezi ya kulea ifungwe?

Mfuata Nyayo

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja. Kuna nchi zinazoruhusu mbweha mwekundu awindwe Januari hadi Desemba, kuna zilizoweka miezi ya kumpumzisha, na Luxembourg walipiga marufuku kabisa mwaka 2015. Mimi nawinda kaskazini ya dunia kwa bunduki na tochi, huu mwaka wa kumi na nne. Msimamo wangu: tangu majike wanapozaa, Machi hivi, hadi watoto wajitegemee mwishoni mwa majira ya joto, bunduki zikae ndani.

Na sisemi kwa huruma peke yake. Majira yenyewe yanakataa. Mwezi wa mwindaji ni Januari. Jike huwa tayari kwa siku tatu hivi tu katika mwaka mzima, basi madume wanachanganyikiwa: wanatembea mchana kweupe, wanakatiza mashamba yasiyo na kichaka, hata upepo wanasahau kuunusa. Usiku ni mrefu, nyasi zimelala, theluji ikianguka nyayo unazisoma kama maandishi. Ngozi nayo imejaa. Ukija Mei, nyasi ziko kiunoni, usiku umekuwa mfupi, manyoya yanapukutika, mnyama mwenyewe amekonda kwa kulisha. Hapo unapiga nini? Anayewinda Mei mimi simwiti mwindaji, ni muuaji wa watoto wachanga.

Karibuni.

Kuku Mia Tatu

"Muuaji wa watoto wachanga." Nilikuwa nakusoma vizuri tu mpaka nikafika hapo.

Mei ya mwaka jana niliamka alfajiri nikakuta kuku arobaini na mmoja wamelala chini. Aliondoka na mmoja. Mbweha akiingia bandani hahesabu njaa yake, kila kinachopapatika mbele yake anakiuma. Halafu wewe uliyekaa na tochi yako Januari ukitafuta ngozi nzuri unaniambia nisubiri Agosti? Mei ndiyo anakuja, kwa sababu ana watoto watano pangoni wanaolia nyama. Wewe unawinda sifa, mimi nalinda riziki. Neno hilo lirudishe.

Mfuata Nyayo

Pole sana kwa kuku, inatoka moyoni. Ila mimi nilizungumzia kuwinda. Mwenye banda kulinda banda lake ni jambo jingine, na hata nchi nyingi zenye miezi iliyofungwa zinamwachia mfugaji mlango. Na hilo la sifa umeniongezea, kaka. Nauliza tu: banda lilikuwa limefungwa?

Kuku Mia Tatu

LILIKUWA LIMEFUNGWA. Alichimba chini ya wavu. Unaniuliza kama vile kuku walikuwa wamelala barabarani.

Tabibu wa Mifugo

Ndugu zangu, punguzeni moto kidogo. Kaka wa kuku, wavu uuzike ardhini kama sentimita thelathini, kisha ukunje ncha yake kuelekea nje, si ndani. Mbweha huchimba palepale ukuta unapoanza, akikuta wavu umelala chini ya miguu yake hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili akaanze upya.

Sasa hoja. Mimba ya mbweha ni siku 52 hivi. Wakipandana Januari, wanazaa Machi au mwanzoni mwa Aprili, kwa kawaida watoto wanne hadi sita, vipofu, wenye manyoya meusi-meusi, wasioweza hata kujitunzia joto. Wiki mbili za mwanzo mama habanduki. Anayetoka kutafuta ni baba, ndiye anayemletea jike chakula mpaka mlangoni. Kwa hiyo mwanzoni mwa Aprili, unayempiga usiku mara nyingi ni dume mwenye mzigo mdomoni. Wiki chache mbele mama naye anaanza kutoka, na hapo ukimpiga yeye, hesabu ni nyingine kabisa.

Lakini Mfuata Nyayo nawe usituchanganye. Unasema "mwezi wa mwindaji ni Januari". Kwa mafanikio yapi? Ukitaka kumwona mnyama, sawa. Ukitaka kupunguza idadi yao, swali hilo lina jibu tofauti.

Filimbi ya Sungura

Kumwona kwa urahisi si Januari hata! Ni mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Mavuno yameondoka, mashamba yamebaki visiki, na vijana wa mwaka huo ndio kwanza wanafukuzwa kwa wazazi. Ukipuliza filimbi inayolia kama sungura aliyeumia, kijana anakuja mbio mpaka unaogopa atakurukia. Huyo huyo akifika Februari akiwa hai, ameshakoswa risasi mara mbili, filimbi hiyo hiyo inamfanya azunguke mbali aje nyuma yako akunuse kwanza. Ndiyo maana mtu wa Februari anakaa huku upepo unampiga usoni, na nyuma yake anaweka kitu kisichopitika, mto au ukuta. Mwenye kujisifu kwa mbweha wa Oktoba amepiga watoto pia, ila wakubwa kidogo.

Mwalimu wa Lugha

Samahani kwa kuingilia. Mnyama mnayemjadili si mbweha.

Mbweha ni yule mwenye mgongo mweusi anayefuata mabaki ya simba, ndugu wa karibu wa mbwa na mbwa-mwitu. Huyu wenu mwekundu mwenye mkia kama ufagio, *Vulpes vulpes*, ni ukoo wa pembeni kabisa: mboni za macho yake zimesimama wima kama za paka, mwili mwepesi, huwinda panya akiwa peke yake. Tumewabandika wanyama wawili jina moja, kisha tunashangaa hatuelewani.

Kuku Mia Tatu

Mwalimu, aliyeua kuku wangu hakuacha jina.

Bint wa Pwani

Mwalimu, kwa heshima yako, jina hilo halikubandikwa jana. Fungua Biblia ya Kiswahili, Mathayo 8:20, waliofasiri waliandika mbweha wana pango. Kamusi zinampa mbweha wote wawili. Na yule mdogo mla mchwa mwenye masikio makubwa tunamwita mbweha masikio, naye kitaalamu yuko upande wa hao hao wekundu. Neno limewabeba wote miaka yote hii, leo unataka kulipokonya?

Mwalimu wa Lugha

Dada, neno kutumika sana hakulifanyi liwe sahihi kwa kila kazi. Kufasiri ni jambo moja, kutunga sheria ya uwindaji ni jingine. Ukiandika "ni marufuku kuwinda mbweha Machi hadi Agosti", umemfungia nani?

Bint wa Pwani

Sheria huandika jina la kitaalamu pembeni, shida imekwisha. Na wengine wanasema bweha bila hiyo m. Utawasahihisha na hao?

Mwalimu wa Lugha

Bweha na mbweha ni neno lile lile, hilo halina ubishi. Ninachosema ni kwamba tunahitaji jina la pili, na kila nikilisema naonekana mleta fujo.

Mzee wa Kilima

Mbona tunapoteza muda kwa majina. Mimi nawafahamu hawa wanyama. Hawawezi kuisha hata mkiwapiga, kwa sababu watoto wa mwaka jana hubaki na wazazi kulea wadogo zao, wanamzunguka swala mchanga wawili watatu na kumwangusha. Ukimpiga mama, dada wapo.

Mwalimu wa Lugha

Mzee wangu, shikamoo, na ninakushukuru maana umenisaidia. Swala mchanga kuangushwa na wawili watatu ni habari ya yule mwenye mgongo mweusi. Huyu mwekundu husaka peke yake. Hivi ndivyo jina moja linavyotupotosha, na mnasema napoteza muda.

Tabibu wa Mifugo

Mwalimu ana haki kwenye hilo la swala. Ila Mzee naye hajakosea kote: hata kwa mwekundu, mara nyingine binti wa mwaka uliopita hubaki kwenye eneo la wazazi na kuwabebea wadogo chakula. Si kila familia, na usitegemee kwamba ukimwua mama binti atawaokoa vichanga vinavyonyonya. Hana maziwa.

Kusini Kabisa

Nimesoma yote, nataka kumuuliza Mfuata Nyayo: Januari ya wapi? Niko Australia. Huku wanapandana Juni na Julai, wanazaa Agosti na Septemba, Januari watoto wameshakua. Na huku mbweha mwekundu ni mgeni. Waliletwa na walowezi kutoka Ulaya karne ya 19 ili wapate cha kukimbiza na mbwa. Wanyama wadogo wa huku waliishi bila kumjua, hawana hila za kumkwepa, wengine wamefutika maeneo mengi. Ukisema tumpumzishe jike wakati wa kuzaa, ndio huo huo wakati kondoo wengi wanazaa na ndege wanataga. Huo ni upole kwa mmoja na ukatili kwa mia.

Mfuata Nyayo

Niliandika "kaskazini ya dunia" mstari wa tatu.

Kusini Kabisa

Uliandika kaskazini, kisha ukaandika "majira yenyewe yanakataa" kana kwamba majira ni ya kijiji chako.

Sipigi Tena

Wote mnabishana mpige lini. Uingereza mwaka 2001 ulipoingia ugonjwa wa miguu na midomo kwa mifugo, uwindaji wa mbweha kwa mbwa ulisimamishwa karibu miezi kumi. Watafiti wakahesabu vinyesi kabla na baada. Idadi ya mbweha haikupanda, na matokeo yakatoka kwenye jarida la *Nature* mwaka uliofuata. Baadaye ikaja sheria ya 2004, ikaanza kazi Februari 2005, ikazuia kuwakimbiza na mbwa kule England na Wales. Kama kusimama hakuongezi, basi kuwinda kulikuwa kunapunguza nini?

Kuku Mia Tatu

Kulikosimama ni mbwa. Bunduki je? Chukua hesabu yako nzima, usichukue nusu inayokupendeza.

Tabibu wa Mifugo

Kaka wa kuku umejibu vizuri, na Sipigi Tena naye ana jambo. Nieleze linavyokwenda, maana hapa ndipo majira yanapoingia kwelikweli.

Kila eneo lina nafasi zake kwa kadiri ya chakula na mapango. Kila mapukutiko vijana wanatawanyika kutafuta nafasi, wengine makumi ya kilomita, na wengi wanakufa njiani kwa magari, njaa na upele. Ukipiga kumi Oktoba, unajaza gari, unarudi unaimba. Lakini wengi wa hao kumi wasingefika masika ijayo, na nafasi ulizofungua zinajazwa na wengine walio safarini bado. Ukipiga jike mmoja mwishoni mwa Februari, mwenye mimba, wakati safari za vijana zimekwisha, umepunguza kweli kwa mwaka huo. Kwa hiyo mwezi wenye mbweha wengi mbele ya tochi na mwezi unaobadilisha idadi ni miezi miwili tofauti, na kuna kipindi kingine, Aprili hadi Juni, ndicho kinachoacha vichanga vinakufa njaa chini ya ardhi. Hicho mimi naunga mkono kifungwe, na mwenye banda apewe kibali chake.

Hata kichaa cha mbwa kilitufundisha. Ulaya waliwaua mbweha kwa wingi miaka mingi kuuzuia, haukuzuilika, kwa sababu nafasi zinajazwa na wageni wanaotembea na kuumana. Kilichouzuia ni chanjo iliyofichwa ndani ya chambo, iliyojaribiwa kwanza Uswisi mwaka 1978, ikatupwa porini majira ya kuchipua na mapukutiko.

Filimbi ya Sungura

Yaani mwenye mimba apigwe Februari ni sawa, mwenye kunyonyesha Aprili ni dhambi? Tabibu, tofauti ni wiki tano.

Tabibu wa Mifugo

Tofauti ni kwamba wa Februari wanakufa pamoja naye papo hapo. Wa Aprili wanamsubiri.

Bint wa Pwani

Mwalimu, nimefikiri. Kama unataka jina la pili, "mbweha mwekundu" si linatosha? Ndilo Mfuata Nyayo alilotumia tangu mwanzo.

Mwalimu wa Lugha

Alilitumia mara moja, akaliacha. Lakini nalipokea, dada.

Mfuata Nyayo

Nilitaka kunyamaza, ila neno "sifa" bado linanichoma, kwa hiyo nitasema nisilolisema mwanzo.

Mwaka wangu wa pili nilipiga jike mwezi wa Mei. Risasi safi, mita themanini. Nilipomgeuza nikaona tumbo halina manyoya, chuchu zimevimba, maziwa yanatoka. Kesho yake nikatafuta pango, na kesho kutwa. Nililipata siku ya tatu chini ya mizizi ya mti uliolala. Waliokuwa bado wanalia walikuwa wawili. Sikuweza kuwafikia, mizizi ilikuwa minene, na nilipopata mtu wa kunisaidia kuchimba palikuwa kimya. Neno nililoandika juu nilikuwa najiandikia mimi. Kaka wa kuku, kwako nalirudisha. Kwangu linabaki.

Kuku Mia Tatu

Nimekusoma. Sina la kukuongezea hapo.

Wavu nimeuzika wiki hii kama Tabibu alivyosema, ncha kuelekea nje. Bado anakuja. Kamera inamwonyesha saa tisa usiku, anazunguka banda mara mbili, anakwaruza, anaondoka. Ni jike, tumbo lisilo na manyoya linaonekana wazi anapopita kwenye mwanga. Kama anatoka mwenyewe, basi watoto wana wiki tatu nne kwa maelezo yenu. Wavu ukishika, simgusi. Akipita chini yake nampiga, na halafu nitalitafuta pango usiku huo huo na koleo mkononi, sitangoja siku ya tatu.