Kujenga kwenye rizavu: vijana wangu watabaki na nini mkononi?

FundiKenchi
Wakuu, habari za baridi. Mimi seremala, mtoto wa Tanga, niko Kamloops, British Columbia. Jumuiya moja ya Secwépemc, wenyeji wa asili wa huku, inajenga nyumba zake yenyewe kwenye rizavu, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili yao, nami nimepewa kuta na kenchi pamoja na vijana wa pale. Bibi mmoja aliikataa ramani mapema kabisa: jiko dogo, mtu atakatia wapi salmoni, nyama ya mawindo atagawia wapi? Ikachorwa upya. Nilifurahi sana, maana mkandarasi wa mjini angemsikiliza na kuendelea kumwaga zege.

Vijana wanapiga kazi. Sitaki wabaki saidia fundi milele. Nifanyeje? Halafu, mbona jumuiya inangoja ruzuku badala ya kukopa benki?

Mzaramo_Vancouver
Benki itashika nini? Kifungu cha 89 cha Indian Act, sheria ya Kanada kuhusu wenyeji wa asili, kinazuia mtu asiye mmoja wao kukamata mali yao iliyoko rizavu. Kinalinda, lakini kinafunga mikopo pia, ndiyo maana mara nyingi benki inataka waziri wa serikali audhamini mkopo. Wasquamish, wenyeji wa asili wa huku Vancouver, wanajenga mtaa wa Sen̓áḵw, nyumba kama 6,000, baada ya wanachama kupiga kura 2019. Ila wao ardhi yao iko katikati ya jiji. Rizavu ya msituni itamvutia mwekezaji gani?

Mama Neema
Kaka Fundi, upo Kamloops na hujapita jengo la makazi la Kikékyelc? Imefunguliwa 2020. Vijana wenyeji wa asili waliolelewa chini ya serikali wanaishi hapo pamoja na wazee wao. Nenda ukaone kabla hujagawa vyumba, usije ukawaweka wazee upande wao peke yao.

Juma wa Surrey
Mkuu, kufundisha tu hakutoshi. Mwajiri awasajili SkilledTradesBC, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya British Columbia, kama wanagenzi, la sivyo saa zao zinapotea. Wakishasajiliwa, wafanye kazi chini ya fundi mwenye cheti, na darasani wapande ngazi 4 za useremala mpaka mtihani wa Red Seal, cheti cha ufundi kinachotambulika Kanada nzima. Chuo cha TRU (Thompson Rivers University) kiko hapohapo kwenu. Wewe cheti unacho?

FundiKenchi
Ninacho. Mwajiri ni ofisi ya bendi, yaani uongozi wa jumuiya yenyewe, Jumatatu naenda kuuliza kama wamesajiliwa. Wakiwa darasani wanakula nini?

Juma wa Surrey
Wanaweza kuomba bima ya ajira, wengi hawaambiwi. Waombe mapema, malipo huchelewa.