Kufuma kwa sindano mbili: nianze na uzi gani, na je, kweli kazi hii ililetwa na Wazungu?

Mfumaji Mpya, Umoja
Hamjambo nyote. Baridi ya Julai imenikuta tena hapa Nairobi na sweta iliyochakaa, nami nimeamua kujifunza kufuma. Mtu anayeanza anunue uzi na sindano za aina gani asije akapoteza pesa? Swali la pili limezuka nyumbani: nyanya yangu, aliyefundishwa katika kikundi cha Maendeleo ya Wanawake kabla ya uhuru, husema kwamba ufumaji uliletwa na Wazungu, ilhali binamu yangu anashikilia kuwa asili yake ni Misri.

Shangazi wa Buruburu
Karibu, mwanangu. Kwa huku kwetu nyanya yako hakosei, kwani Maendeleo ya Wanawake, iliyoundwa mwaka 1952 chini ya serikali ya kikoloni, iliwafundisha akina mama ushonaji na ufumaji. Hata hivyo, miongoni mwa vipande vya kale zaidi vinavyojulikana ni soksi za pamba kutoka Misri, nyeupe na buluu ya nili, za kati ya karne ya 11 na ya 14, na baadhi yake zimepambwa kwa maandishi ya Kiarabu. Usizichanganye na soksi nyingine za Misri, za karne ya 3 hadi ya 5, zilizotengewa kidole gumba ili zivaliwe na ndara: hizo zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu, uzi mfupi ukipitishwa wote ndani ya kila kitanzi, kwa hiyo ukivuta ncha hazifumuki. Kufumuka ndiko kunakoutambulisha ufumaji wetu.

Fundi wa Kariobangi
Shangazi amenitangulia, nami naongeza kwamba hata mashine hufuata vitanzi vivyo hivyo. Mwingereza William Lee aliunda mashine ya kufumia soksi mwaka 1589, na inasemekana Malkia Elizabeth wa Kwanza alimnyima hataza, yaani hati ya kumlinda mvumbuzi, kwa kuwahofia wafumaji wa mikono, ndipo akahamia Ufaransa.

Kuhusu vifaa, chukua sindano za milimita 4 au 5 na uzi wa unene wa wastani wenye rangi isiyokoza, kwa sababu kwenye uzi mweusi hutaona kitanzi kilichoponyoka. Ukitaka uzi wa bei nafuu, nunua sweta ya mtumba Gikomba uifumue, lakini kwanza igeuze ndani nje. Ikiwa kingo za mishono zimekatwa na kuzibwa kwa ovaloki, yaani mshono wa mashine unaozungushia ukingo, iache, kwa maana utapata vipande vifupi tu, yaani hasara na hasira. Ikiwa kila kipande kina ukingo wake mzima, uzi utatoka mfululizo. Uzungushe kitita, uuoshe, kisha uutundike na kitu kizito kidogo ili mikunjo inyooke.

Mfumaji Mpya, Umoja
Nashukuru. Nyanya nimemsomea, akajibu kwamba Wamisri hawakumfundisha yeye. Je, mtumba wenye lebo iliyokatwa nitajuaje kama ni sufu?

Shangazi wa Buruburu
Ukishaununua, choma kipande kidogo cha uzi juu ya sahani. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopondeka, ilhali akriliki, uzi wa kiwandani unaoiga sufu, huyeyuka ikawa donge gumu.