Karate na judo kwa vijana: tuwafundishe na bastola?

Mkanda Kahawia
Assalaam alaykum. Nasomesha vijana karate na judo hapa mjini Unguja, jioni baada ya skuli, wapo kama thalathini. Wiki iliyopita mwenzetu mmoja aliyekaa nje miaka mingi katwambia tunawadanganya watoto wa watu: tunawafundisha kuzuia ngumi na mateke, na mwovu wa leo anakuja na bastola. Anataka wenye miaka 18 na kuendelea wafundishwe silaha za moto, kuzishika na kupiga shabaha. Wazee wawili wamekubali. Mmoja kamtoa mwanawe siku ile ile. Mimi nimekwama katikati. Karate maana yake mkono mtupu, na mkono mtupu haukingi risasi. Naomba maoni yenu kabla hatujakaa Ijumaa.

Mzee wa Kikwajuni
Waalaykumu ssalaam. Mwanangu, huyo mwenzenu asipewe nafasi. Klabu ni mahali pa adabu. Kijana anavua viatu mlangoni, anainama, anangoja zamu yake. Anaanguka mara elfu kabla hajaruhusiwa kumwangusha mwenziwe, na kila akianguka anajua mwenziwe naye huumia. Bunduki haina somo hilo. Aliyeshika bunduki kwa wiki moja anamuua aliyefanya mazoezi miaka arobaini. Na hapa petu tuna kumbukumbu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 watu walitoka na mapanga na marungu, na ilipovunjwa ghala ya silaha ya polisi pale Ziwani mambo yakawa mengine kabisa.

Mkulima Konde
Mzee, Mapinduzi tuyaache mahali pake, tutagombana bure. Mimi ni mtu wa mikarafuu. Wakati wa mavuno karafuu zimeanikwa juu ya majamvi, mali ya mwaka mzima, na ninalinda mimi na mwanangu na tochi moja. Ndugu yangu wezi waliingia kwake usiku wakamfunga kamba. Mnanambia adabu na kuinama! Polisi wapo, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Kijana anayesoma kujihami asome kujihami kweli.

Judo Ng'ambo
Wanaosema silaha haina nafasi katika sanaa hizi hawajazisoma. Kodokan, chuo cha judo alichokianzisha Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882, ina mfululizo wa mbinu za kujihami uliopangwa mwaka 1956, unaitwa Goshin-jutsu. Mbinu ni 21: mna mikono mitupu, mna kisu, mna fimbo, na tatu za mwisho ni za mtu aliyekuelekezea bastola. Tena Wajapani walipozipata bunduki kwa Wareno kisiwani Tanegashima, mwaka 1543, upigaji wa bunduki wenyewe ukawa sanaa ya samurai pamoja na upanga na mshale. Hawakuona haya. Sisi tunaona ajabu kwa sababu hatuna asili ya sanaa ya mapigano. Kwetu kuna nini? Kirumbizi, mchezo wa fimbo, na ile ni ngoma tu ya harusini.

Bint Chake
Simama hapo hapo kaka. Ngoma tu ya harusini?
Babu yangu alikuwa na kovu juu ya nyusi, refu kama kidole changu, alilipata kwenye kirumbizi. Wanaume wawili wanaingia uwanjani na fimbo, zumari linalia, ngoma zinapigwa, mmoja anarusha mwenziwe anakinga. Fimbo inashuka kweli kichwani, haiigizwi. Babu akitwambia usiitazame fimbo, mtazame bega, fimbo hutoka begani. Judo yenu haisemi hivyo hivyo? Wewe umesoma mambo ya Tanegashima ukashindwa kuuliza ya Wete, kwetu Pemba.

Judo Ng'ambo
Dada yangu, sikumtukana babu yako. Nilichosema ni kwamba kirumbizi hakina daraja, hakina mfululizo wa mafunzo, hakina mwalimu anayekaa na mwanafunzi miaka kumi. Kinapigwa sherehe ikiwepo, watu wakitawanyika basi. Sanaa ya mapigano ina mpango.

Bint Chake
Mpango ulikuwepo. Watoto walianza na makuti, wakaja vijiti, mpaka mtu anapewa fimbo amekwisha kuwa na ndevu. Hayakuandikwa, basi mnadhani hayakuwepo.

Mtu wa Kusini
Na Makunduchi mtatusahau? Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya kila Julai, ndugu wawili kwa ndugu wawili, wanachapana kwa vigogo vya migomba mbele ya kijiji kizima. Wanatoa kinyongo, jioni wanakula pamoja. Kwa nini mgomba na si rungu? Wazee walichagua kitu cha kuumiza bila ya kuua. Hilo ndilo jibu la Mkanda Kahawia, na liko nyumbani.

Judo Ng'ambo
Migomba haimzuii mwizi wa karafuu za Mkulima.

Mtu wa Kusini
Wala judo haikumzuia.

Koplo Mstaafu
Nimesoma yote. Nimevaa sare ya JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi, na baadaye kikosi kingine, jumla miaka ishirini na moja. Nina suala moja, na naomba mlijibu.
Ndugu wa judo kazitaja mbinu tatu za kumnyang'anya mtu bastola. Haya, umemnyang'anya. Sasa iko mkononi mwako, ina risasi ndani, mkono unatetemeka, na pembeni wamesimama mkeo na watoto. Utafanya nini? Asiyewahi kuishika ataweka kidole kwenye triga bila ya kujijua, na mtutu utakuwa unamwelekea yeyote. Nimeona askari kurutu wakifanya hivyo na silaha tupu, siku baada ya siku, mpaka wakaacha. Kumfundisha kijana kuikamata tu ni kumwachia kazi nusu. Sisemi afundishwe kupiga. Afundishwe kuuelekeza mtutu pasipo na mtu, kutoa kidole, kuitia salama, kuondoa risasi. Afundishwe na mtu wa vikosi, kwa idhini. Polisi ni jambo la Muungano, klabu haiwezi kujipangia yenyewe. Na wanaoiogopa bunduki ni wasioijua.

Mzee wa Kikwajuni
Koplo, mimi siiogopi kwa kutoijua. Nilikuwa na miaka tisa. Mlango wetu ulikuwa wa mti wa msaji, mzito, baba alikuwa akijivunia mlango ule. Risasi ilipita kama inapita kwenye karatasi, ikaingia kwenye kabati la marehemu mama, katika nguo zake. Tulilala chini ya kitanda mpaka alfajiri. Aliyepiga hakuwa na ugomvi na sisi, alikuwa hajui kuishika. Usinambie siijui.

Koplo Mstaafu
Nisamehe, mzee wangu. Sikuyajua hayo, na neno lile nimelirudisha. Lakini tazama ulivyosema mwenyewe: alikuwa hajui kuishika.

Mkulima Konde
Mzee pole sana. Allah awarehemu wazee wako.

Bint Chake
Pole babu. Na mimi narudi kwa kaka wa judo, hajanijibu la bega.

Judo Ng'ambo
La bega ni kweli. Sisi tunasema tazama kifua na mabega, miguu na mikono itakudanganya. Nakubali. Lakini mtu mmoja kukumbuka neno la babu yake haifanyi kuwa mafunzo. Yuko nani leo anayekijua kirumbizi vile unavyosema? Kama yuko, nionyeshe.

Bint Chake
Yuko mjomba wangu. Anakaribia miaka sabini na bado fimbo yake iko nyuma ya mlango. Mara ya mwisho nilimwona akicheza na wenziwe Sikukuu, nusu saa, hakuguswa.

Mkanda Kahawia
Jamani, nilikuja na suala la bastola nimeondoka na la fimbo, na nimefaidika. Dada, mjomba anaweza kuja Unguja? Tutamlipia nauli. Vijana wangu wanaitikia kwa Kijapani tangu wana miaka saba na hawajawahi kuliona zumari.

Koplo Mstaafu
Suala langu bado halijajibiwa. Kijana ameshaikamata bastola. Kisha?

Mtu wa Kusini
Mjomba akija mumlete na Makunduchi, tafadhalini.

Mkanda Kahawia
Koplo, nimelisikia. Tunayo bastola ya mbao ya mazoezi, tunaitumia kwa zile mbinu tatu, na kweli mbinu inaishia pale mtu anaponyang'anywa, vijana wanapiga makofi. Nimeifungia kabatini mpaka tukae Ijumaa. Ukiwa na nafasi njoo uyaseme haya mbele ya wazee, nami nitamwalika yule aliyemtoa mwanawe. Kupiga shabaha mimi nimekwisha kusema hapana.

Koplo Mstaafu
Nitakuja, inshaallah.

Bint Chake
Nimempigia mjomba. Kakubali, lakini hataki kulipiwa nauli, anasema hauzi fimbo. Atapanda boti ya Mkoani Jumamosi. Mjini hapajui siku hizi, nani atampokea bandarini Malindi?

Judo Ng'ambo
Nitampokea mimi. Mwambie aje na fimbo mbili.