Tupeane uzoefu: mgonjwa akipata madhara makubwa, aliyempasua anasaidiwaje?

Mwanzisha mada: Wadau wa thieta (chumba cha upasuaji), poleni na kazi. Mshono wa utumbo umeachia siku ya tano, au mrija unaotoka kwenye figo umefungwa na uzi wakati wa kutoa kizazi. Aliyempasua yuko kazini kama kawaida, ila usiku halali. Albert Wu wa Marekani aliwaita watu hawa majeruhi wa pili, baada ya mgonjwa mwenyewe, tangu mwaka 2000, lakini hospitali nyingi bado hazina utaratibu wowote. Kwenu mnafanyaje? Msitaje mgonjwa wala hospitali.

Sista wa thieta: Saa ya kwanza ndiyo muhimu. Kama orodha ya upasuaji wa siku haijaisha, msimuulize "utaweza kuendelea?" Atasema naweza, wote husema hivyo. Mwingine ashike kisu, zisizo za dharura ziahirishwe. Maelezo yaandikwe siku ileile pamoja na saa: alikuta nini, alifanya nini, alimwita nani. La kuongeza kesho liwe na tarehe ya kesho. Faili lililofutwafutwa humponza hata asiye na kosa.

Bingwa, mkoani: Kwa ndugu waende wawili, wakae chini, simu zizimwe. Asitumwe intani (daktari aliye mafunzoni). Waeleze kilichotokea, kinachofanyika sasa, na watarudi saa ngapi. Halafu kuna raundi, na hapo ndipo pagumu kuliko kifo cha mezani: kila asubuhi anasimama kitandani pale, anaona dreni (mrija wa kutoa uchafu tumboni) inatoa kinyesi, mama wa mgonjwa anamtazama. Wengine huanza kumruka mgonjwa huyo, na mgonjwa ndiye anayezidi kuumia. Daktari mwenzake apite naye, asimpokonye mgonjwa.

Mratibu wa ubora: Chuo Kikuu cha Missouri wana ngazi 3: mwenzako wa idara, wenzako waliofundishwa kusikiliza, kisha mtaalamu. Ya kwanza haihitaji bajeti. Jina la wa kupiga simu liwe kwenye ratiba ya zamu kabla tukio halijatokea. Apige jioni ileile, siku ya tatu, na wiki ikitimia. Umekula? Umelala? Nyumbani uko na nani? "Kwa nini ulikata pale" ni swali la kikao cha vifo na madhara, na msikilizaji asiwe mwenyekiti wa kikao hicho wala Mganga Mfawidhi. Mkichanganya hivyo viwili, hakuna atakayefungua mdomo tena.

Bingwa, mkoani: Mwangalieni akianza kutoa rufaa kesi anazoziweza, au kunywa pombe. Upasuaji wa kwanza wa aina ileile anawe mikono na mwenzake, wasimame meza moja. Akitaja kujidhuru, asiachwe peke yake. Mtaalamu wa afya ya akili aitwe usiku huohuo.

Mwanzisha mada: Sista, na penye daktari mmoja tu?

Sista wa thieta: Dharura ataifanya yeye, hakuna namna. Apewe muuguzi mzoefu, bingwa wa mkoa awe hewani, spika imewashwa. Wa kumpigia jioni anaweza kuwa mtoa dawa ya usingizi. Alikuwepo, hahitaji kusimuliwa upya. Naye apigiwe na mwingine.