Naomba ushauri: nipime programu kwa jozi au kwa tatu-tatu?

Wakuu, habarini za kazi.

Tuna programu ya simu ya kulipia bili, timu ndogo, upimaji kwa mkono. Vigezo ni vitano: toleo la Android (4), lugha (2), mtandao wa simu (4), njia ya malipo (5) na aina ya akaunti (3). Zidisha, unapata michanganyiko 480. Kwa watu tulionao, sahau.

Natumia PICT ya Microsoft, programu inayotengeneza orodha ya majaribio. Kwa jozi, yaani kila thamani mbili za vigezo viwili vyovyote zikutane angalau mara moja, majaribio hayawezi kupungua 20, kiasi kinachobebeka. Ila mteja kakutana na hitilafu inayotokea pale tu Kiswahili, akaunti ya biashara na malipo ya kadi vinapokutana. Jozi haziahidi kunasa kitu kama hicho. Watafiti wa upimaji wa programu, Kuhn na wenzake (2004), walikuta hitilafu walizochunguza hazihitaji zaidi ya vigezo 6 kukutana, na nyingi ni kimoja au viwili tu. Sawa, lakini hii yangu inahitaji vitatu! Nikiweka /o:3, amri ya PICT ya kupima tatu-tatu, naanzia majaribio 80, na bosi keshanuna.

Nafikiria tatu-tatu kwa lugha, akaunti na malipo peke yake, vilivyobaki jozi. PICT inaruhusu. Nyie mnachaguaje vigezo vya kundi hilo: kwa historia ya hitilafu, au kwa kusoma msimbo wa programu?

Pia, akaunti ya mwanafunzi haina kadi. Mnaandika kanuni za IF na THEN ndani ya PICT kuzuia mchanganyiko huo, au mnafuta mistari ya majaribio yenye nao baadaye? Naogopa kufuta, maana mstari ukiondoka unaondoka na jozi nyingine halali.

Waliotumia ACTS, programu ya kazi hiyohiyo kutoka NIST (taasisi ya viwango ya Marekani), kuna sababu ya kuhama?