Namanga, mpaka wa Tanzania na Kenya: mzigo unavuka, mtu je? Na uraia?

jirani_wa_mpaka: Wadau, kijana ana miaka 17, kazaliwa Longido, mama Mtanzania, baba Mkenya. Anataka kuja kupeleka vitunguu Kenya. Kitambulisho cha NIDA (cha taifa cha Tanzania) kitamtosha kuvuka? Na akifika 18 atahesabika wa wapi?

wakala_forodha: NIDA haitoshi. Kuvuka kwa kitambulisho ni mapatano ya Kenya, Uganda na Rwanda tangu 2014, Tanzania haikuingia. Akate pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria. Pale Namanga ni kituo cha pamoja cha nchi zote mbili, kwa hiyo mhuri wa kutoka na wa kuingia vyote anagongewa jengo la Kenya, madirisha yanafuatana. Wengi husimama jengo la upande wao na kupoteza saa nzima bure.

Vitunguu: mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, uliolimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, unajaziwa cheti rahisi cha uasilia (kinachoonyesha mzigo umetoka wapi) hapo hapo mpakani. Kinaondoa ushuru wa forodha tu. Cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea ya Tanzania, bado kinadaiwa, na hapo ndipo magunia hukwama juani, maana watu hukikumbuka wakiwa wameshafika getini.

jirani_wa_mpaka: Shukrani mkuu. Na uraia?

sheria_kavu: Hapo Jumuiya haina lake. Soko la Pamoja la 2010 linagusa kuingia, kufanya kazi na kukaa. Uraia kila nchi na wake, hata kama jalada la pasipoti limeandikwa Afrika Mashariki. Kenya inamhesabu raia kupitia baba, na Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili. Tanzania inauvumilia utotoni tu. Akishakuwa mtu mzima aukane wa Kenya, la sivyo anaupoteza wa Tanzania. Kosa la kawaida ni kuchukua kipande (kitambulisho) cha Kenya "kwa ajili ya biashara" na NIDA juu yake. Achague kwanza, kadi baadaye.

mkwezi_kwale: Afadhali yeye ana pa kuchagua. Wamakonde waliotoka Msumbiji kulima mkonge huku Pwani ya Kenya walipata vipande vya Kenya mwaka 2017, baada ya kuandamana kwa miguu kwenda Nairobi 2016. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa hapa. Bila kipande hata laini ya simu unasajili kwa jina la jirani.

wakala_forodha: Nyongeza: mhuri wa miezi 6 anaogongewa ni wa matembezi. Akitaka kukodi kibanda sokoni Kajiado kama Mtanzania, hiyo ni hesabu nyingine, ya kibali cha kufanya biashara.