Njabala aachwe alivyo, au apewe mwisho mwingine?

Mwalimu wa Mukono: Kintu na Nambi, wale mtu na mke wa kwanza katika ngano za Buganda, tumewachosha. Nataka darasa langu la nne liigize Njabala, ila mwisho niubadilishe. Kwa msiomjua: binti wa Kiganda, mtoto wa pekee, kadekezwa mpaka basi, wazazi wakafa hajawahi kushika jembe. Akaolewa. Shambani akamlilia marehemu mama yake. Mzimu wa mama ukaja, ukalima huku ukiimba kwamba mkwe wake, yaani mume wa Njabala, atamkuta hapo. Kweli mume akawafuma, Njabala akafukuzwa. Kwangu mimi mume aambiwe ashike jembe naye. Mnaonaje?

Ssalongo wa Masaka: Mtaharibu. Ngano ile inamfunza mtoto wa kike kazi. Mmeacha kuisimulia, sasa mtaa wa Ntinda huko Kampala umejaa kina Njabala, na mzimu wao ni msichana wa kazi.

Mama Nakku: Ssebo, msichana huyohuyo si ndiye anayekufulia soksi? Ama zinajifua?

Ssalongo wa Masaka: Nnyabo, sikukutaja. Kama umejiona humo, shauri yako.

Boda wa Wandegeya: Hahaha! Ssalongo, na shamba lako la kahawa analima nani? Vibarua. Na wewe Njabala tu, tofauti ni ndevu.

Ssalongo wa Masaka: Vibarua nawalipa! Mzimu ulilipwa?

Mjukuu wa Jjajja: Mnapita mbali na kisa. Kilichowaponza si uvivu peke yake. Kwa Waganda mkwe na mama mkwe hawakaribiani, hawapeani hata mkono. Ukivunja mwiko, wazee wanasema utatetemeka mikono. Ndiyo maana mama anaimba kwa hofu. Mwalimu, ukimpa mume jembe, ule wimbo utabaki wa nini?

Mama Nakku: Na vibarua wenyewe unawalipa lini, Ssalongo? Baada ya mavuno?

Jirani wa Pakwach: Kila siku Buganda, Buganda. Sisi Waalur tuna ngano ya ndugu wawili, Gipir na Labongo. Gipir kamchoma tembo kwa mkuki wa ndugu yake, tembo katoweka nao, ndugu kautaka uleule. Baadaye mtoto wa Labongo kameza ushanga wa Gipir, akapasuliwa tumbo. Wakazika shoka pale Wang Lei, kando ya Nile, wakaachana: Gipir akavuka, ndiko tulikotoka Waalur, Labongo akabaki, ndiko walikotoka Waacholi. Huo nao mtaubadilisha? Mtoto aupate chooni kesho yake, Waalur na Waacholi tubaki kijiji kimoja?

Mtu wa Gulu: Kwani ubaya uko wapi? Ila umegeuza. Mkuki ulikuwa wa Gipir, na mtoto aliyepasuliwa ni wake.

Jirani wa Pakwach: Nani kakwambia? Redio?

Mtu wa Gulu: Babu. Ninyi mkivuka Nile mnavuka na ukweli wenu.

Mwalimu wa Mukono: Jamani, mimi niliuliza Njabala. Watoto wanaigiza Ijumaa.

Jirani wa Pakwach: Subiri, mwalimu. Wewe wa Gulu, babu yupi huyo? Wa kuumeni au wa kwa mama?